Kwinoa ya pwani, ya Titicaca, ya mabondeni au ya Uyuni: uanze na ipi Kigoma na Tabora?

Mwaka wangu wa kwanza na kwinoa, zao la punje kutoka Amerika ya Kusini, pale Heru Juu, Kasulu, nilipanda wiki ya pili ya Desemba, nikifuata mvua kama kila mtu. Katikati ya Machi masuke yakawa yameiva, na mvua haina hata habari ya kukata. Siku tatu mfululizo jua halikuonekana. Nilipoingia shambani nikakuta masuke yameota ndevu: punje zimechipua zikiwa bado juu ya mmea, vimizizi vyeupe vimening'inia. Mama mdogo alishika suke moja, akaligeuzageuza, akacheka. "Mwanangu, mchicha wako umeota kichwani."

Mbegu ile ilikuwa nzuri. Ilikuwa ya siku chache mno kwa tarehe niliyoipanda, basi. Tangu hapo, mtu akiniuliza "kwinoa gani nzuri", huwa namrudishia maswali: shamba lako liko wapi, unavuna mwezi gani, na ndege wa kwenu wakoje?

Makala hii ni ya mtu aliyekwama hapo. Huenda ni kijana wa kikundi anayetaka kujaribu vijaruba vichache Kasulu au Sikonge, mwalimu mwenye shamba la shule, au mkulima anayependa kuchagua mbegu zake mwenyewe mwaka hadi mwaka mpaka apate inayokubali udongo wake. Wa mwisho huyo ndiye ninayemwandikia hasa, maana kwinoa ina tofauti nyingi za ndani kuliko mazao mengi tunayoyajua, na anayezijua tofauti hizo ana mtaji mkononi.

Mambo machache kuhusu mmea wenyewe

Kwinoa ni ya ukoo mmoja na mchicha, kwa hiyo mama mdogo hakukosea sana. Kwao ni milima ya Andes, kuanzia Kolombia hadi Chile, na wakulima wakubwa ni Peru na Bolivia. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2013 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kwinoa, na tangu hapo majaribio yameenea Afrika. Jirani zetu Rwanda, mtafiti Cedric Habiyaremye, aliyesomea Chuo Kikuu cha Washington State cha Marekani, ni miongoni mwa walioipeleka na kuijaribu kwa wakulima.

Ina kromosomu 36, na ndani yake mmebebwa seti mbili za jeni kutoka kwa mababu wawili tofauti. Ndiyo maana tabia nyingi zina jeni zaidi ya moja zinazozigusa, na ukichanganya mbegu mbili unaweza kupata watoto wasiofanana na mzazi yeyote. Mwaka 2017 jarida la Nature lilichapisha ramani ya jeni zake. Mmea uliotumika ulikuwa wa pwani ya Chile, na ramani hiyo ilisaidia kuonyesha jeni inayotawala uchungu wa punje.

Wataalamu huigawa katika makundi matano kufuata mahali ilikozoea kuishi: mabonde ya milimani, uwanda wa juu wa Ziwa Titicaca, majangwa ya chumvi ya Bolivia, pwani ya Chile, na miteremko yenye unyevu ya Bolivia iitwayo Yungas. Hili la Yungas nitaligusa kidogo tu. Linavutia kwa sababu limezoea unyevu na mwinuko wa mita 1,500 hadi 2,000 hivi, na mimea yake ya kijani hugeuka rangi ya chungwa ikikomaa. Tatizo ni kwamba mbegu zake hazipatikani kirahisi nje ya Bolivia. Ukizipata, zijaribu. Tulinganishe manne yaliyobaki.

Vigezo, na kimoja nilichokitupa

*Siku za kukomaa na urefu wa mchana.* Kigoma na Tabora ziko kati ya nyuzi 3 na 7 kusini mwa ikweta. Mchana wetu hauendi mbali na saa 12, mwaka mzima. Kwinoa nyingi husoma urefu wa mchana ili kujua lini zichanue, kwa hiyo mbegu iliyozoea mchana wa saa 15 itafanya mambo mengine kabisa ikiletwa Urambo.

*Unyevu.* Mvua zetu ni za msimu mmoja mrefu, Novemba hadi Aprili. Ugonjwa mkubwa wa kwinoa duniani ni ubwiri vinyoya: juu ya jani madoa ya njano au ya waridi, chini yake ukungu wa kijivu, kisha majani yanapukutika. Halafu kuna maji kutuama, ambayo kwinoa haivumilii hata kidogo, na mvua ya wakati wa kuvuna, ile iliyonipata mimi.

*Uchungu na ndege.* Ganda la punje lina saponini, kitu kinachotoa povu kama sabuni na kuwasha ulimi. Ndege hawakipendi. Walaji nao hawakipendi.

*Punje.* Ukubwa na rangi, maana ndivyo soko linavyotazama.

*Umbo.* Urefu, matawi, na suke lilivyokaa.

*Mbegu na uzazi.* Je, unaipata? Na ukishaipata, ina tabia gani ya kumkopesha mwenzake mkizichanganya?

Nilichokitupa ni rangi ya mmea. Najua picha za mtandaoni zinavyovuta: mashamba ya zambarau, nyekundu, machungwa, kama kanga zimeanikwa. Rangi hizo ni kemikali za jamii ile ile inayofanya bitiruti iwe nyekundu, na hazikwambii kama mmea utazaa. Zina kazi moja tu ya maana kwa mzalishaji mbegu, na nitaieleza mbele.

Kundi la pwani ya Chile na watoto wake wa Ulaya

*Siku na mchana.* Hizi zilikuzwa na Wamapuche, wenyeji wa kusini mwa Chile, karibu na usawa wa bahari, kwenye mchana mrefu wa kiangazi. Ndizo zinazojali urefu wa mchana kidogo kuliko zote, na ndizo za haraka. Wazalishaji wa Ulaya walizitumia sana kwa sababu hiyo: aina ya Denmark iitwayo Titicaca, pamoja na jina lake la ziwa, ina damu ya Chile ndani yake. Kwetu huchanua mapema sana. Yangu ilikuwa tayari siku ya 95. Ukizipanda mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, zinavunwa Mei, jua likiwa limeshika. Ukizipanda Desemba, rudi juu usome kuhusu ndevu.

*Unyevu.* Zinatofautiana. Asili yao si kavu, lakini hazina sifa ya ukinzani mkubwa wa ubwiri vinyoya. Kwa kuwa zinakaa shambani muda mfupi, ugonjwa nao unapata muda mfupi.

*Uchungu na ndege.* Nyingi ni chungu. Regalona ya Chile ni chungu, Titicaca vilevile. Uholanzi wamezalisha zisizo chungu, mojawapo Atlas.

*Punje.* Ndogo hadi za wastani, mara nyingi za rangi ya krimu au njano iliyofifia. Aliyezoea kwinoa nyeupe kubwa ya pakiti za dukani ataziona duni.

*Umbo.* Fupi, mita moja na kitu, na chini ya mchana wetu mfupi zinaweza kuwa fupi zaidi. Hii ina maana upande kwa kubananisha, kwa sababu mmea mmoja mmoja hauzai sana. Faida yake ni kwamba hazianguki kwa upepo, na suke moja la juu huiva kwa pamoja.

*Mbegu na uzazi.* Ndilo kundi rahisi kupata, maana zinauzwa kibiashara. Soma masharti lakini. Aina kama Titicaca zina haki za mzalishaji, na Tanzania ni mwanachama wa UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, tangu 2015. Kuitumia kama mzazi wa kuchanganyia ni jambo moja, kuizidisha na kuiuza kwa majirani ni jambo jingine. Inachokopesha: uharaka.

Kundi la uwanda wa Titicaca

*Siku na mchana.* Ziwa Titicaca liko mita 3,812 juu ya usawa wa bahari, na huko wakulima wamechagua kwinoa ya baridi, jalidi na jua kali. Kwao huchukua miezi mitano, sita. Kwetu joto linaiharakisha, lakini bado inakawia kuliko ya pwani. Huku chini jalidi hakuna, kwa hiyo sifa yake kubwa ya kwao inakuwa kama koti zito Ujiji.

*Unyevu.* Hapa ndipo inapoumia. Ikihamishiwa kwenye mvua nyingi, ubwiri vinyoya unaishika vibaya. Kwenye kijaruba cha rafiki yangu kule Manyovu majani ya chini yalikuwa yameisha kabla suke halijajaa. Kiangazi, kwa kumwagilia, mmea ule ule ni mwingine kabisa: Juni hadi Septemba hewa yetu ni kavu na usiku una ubaridi, hali ambayo inakaribiana kidogo na kwao.

*Uchungu na ndege.* Zipo za kila namna. Salcedo INIA ya Peru, iliyotolewa mwaka 1995, ni tamu, punje nyeupe. Kancolla na ndugu zake zina uchungu wa viwango mbalimbali.

*Punje.* Wastani hadi kubwa, na rangi za kuchagua: nyeupe, kijivu, nyekundu, hadi nyeusi ya Negra Collana. Kama mteja wako anataka rangi, huku ndiko kwa kutafuta.

*Umbo.* Mita moja hadi mbili, shina moja bila matawi mengi. Ni rahisi kuvuna kwa mundu.

*Mbegu na uzazi.* Ngumu kiasi. Hazina za mbegu duniani zimehifadhi zaidi ya sampuli 16,000 za kwinoa na ndugu zake, nyingi zikiwa Bolivia na Peru, ila kwinoa haimo kwenye orodha ya mazao yanayobadilishwa kirahisi chini ya Mkataba wa Kimataifa wa rasilimali za kijenetiki za mimea. Watafiti wengi huishia kuomba kwenye hazina ya Marekani iliyoko Ames, Iowa. Inachokopesha: punje nzuri, utamu, shina moja.

Kundi la mabonde ya milimani

Nikiri mapema: nalipenda kundi hili, na sababu ni majani tu. Likipigwa na mvua ya Februari linabaki la kijani wakati wenzake wamechakaa.

*Siku na mchana.* Ni za mabonde ya Ecuador, Peru na Kolombia, kati ya mita 2,000 na 3,500 hivi. Zinasoma mchana kwa makini kuliko wengine, na zinakaa muda mrefu zikikuza majani kabla ya kuchanua. Kwao baadhi hupita siku 200. Mchana wa Ecuador ni kama wetu, kwa hiyo kwa saa za jua zimefika nyumbani. Shida ni kalenda tu. Mvua za Tabora zikikata mwishoni mwa Aprili na udongo wa kichanga ukakauka wiki mbili baadaye, mmea huu unaweza kukutwa na kiu ukiwa bado unajaza punje. Kasulu, Buhigwe na Kibondo, kwenye mwinuko wa mita 1,200 na zaidi na udongo unaoshika maji, hesabu inakaa vizuri: pandia Novemba au Desemba, na suke likija kuiva mvua itakuwa imekwisha.

*Unyevu.* Hapa ndipo ulipo ukinzani mwingi wa ubwiri vinyoya. Wazalishaji wa Amerika ya Kusini wamekuwa wakirudi kwenye kundi hili kuutafuta.

*Uchungu na ndege.* Amarilla Maranganí ya Cusco ni chungu. Tunkahuan ya Ecuador ina saponini kidogo. Usihukumu kundi zima kwa moja.

*Punje.* Kwa kawaida ndogo hadi wastani, ingawa hiyo Amarilla Maranganí ina punje kubwa ya rangi ya machungwa.

*Umbo.* Refu, mita 2 hadi 3, lenye matawi. Ni zuri kwa anayepanda kwa nafasi pamoja na maharage. Kwa anayevuna ni kero: suke la juu limekauka, la tawi la chini bado bichi, na unarudi shamba lile lile mara tatu. Upepo wa Machi nao huyalaza. Majani yake ni mboga, nayo ni mengi. Kwetu tulikula mboga hiyo wiki nne kabla mtu hajauliza punje ziko wapi.

*Mbegu na uzazi.* Kupata ni kama kundi la Titicaca. Inachokopesha: ukinzani wa ugonjwa, na mwili mkubwa.

Kundi la chumvi la Uyuni

*Siku na mchana.* Kusini mwa Bolivia, pembezoni mwa jangwa la chumvi la Uyuni, kama mita 3,650 juu, mvua haifiki hata milimita 300 kwa mwaka. Wakulima hupanda kwenye mashimo ili mbegu ifikie unyevu. Kwa siku haliko mbali na kundi la Titicaca.

*Unyevu.* Baya zaidi kwetu. Mmea uliozoea milimita 300 kuupeleka Kibondo ni kumpeleka mchungaji wa Igunga akavue migebuka: ataweza, lakini atateseka.

*Uchungu na ndege.* Chungu sana. Ndege wanaiacha. Na wewe utaosha maji mengi.

*Punje.* Hapa ndipo inapotamba. Hii ndiyo kwinoa inayoitwa Real, jina la jumla la mbegu nyingi za wenyeji kama Toledo, Pandela na Utusaya. Punje zake hupita milimita 2.2, na ndizo zilizoijengea kwinoa ya Bolivia jina sokoni.

*Umbo.* Wastani, suke nene.

*Mbegu na uzazi.* Mtu mmoja wa Uvinza aliniuliza kama hii ndiyo ya kwao, kwa kuwa kuna chumvi. Chumvi ya Uvinza inatoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi. Mashamba ya muhogo na mahindi ya jirani si ya chumvi, na kununua ustahimilivu wa chumvi usioutumia ni kulipia kiti cha gari usilolipanda. Labda kwenye vipande vya magadi ambako hata mtama unadumaa. Kama mzazi, hata hivyo, ina thamani: ile Salcedo tamu ni mtoto wa Real iliyochanganywa na Sajama, mbegu tamu ya Bolivia. Inachokopesha: ukubwa wa punje.

Tamu au chungu: uamuzi unaokata makundi yote

Wilaya zenye mpunga na mtama, Nzega na Igunga kwa mfano, zinajua kwelea kwelea ni nini. Ukipanda kwinoa tamu peke yako katikati ya kijiji, umeandaa karamu. Kwinoa chungu inakupunguzia kazi ya kuamia ndege, lakini kazi hiyo hairuki hewani, inahamia jikoni: kusugua, kuosha maji manne matano hadi povu liishe. Penye kisima cha mbali, kazi hiyo ni ya akina mama na mabinti, na ni vizuri waulizwe kabla mbegu haijachaguliwa.

Kupima ni rahisi. Maabara hutumia gramu 0.5 za punje na mililita 5 za maji kwenye testi tyubu. Mimi nahesabu punje 150, natia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi kilichooshwa vizuri, maji kijiko kimoja cha chai, natikisa nusu dakika, naweka mezani. Punje tamu hutoa povu jepesi linalozama upesi. Chungu hujenga povu kama la sabuni ya unga, likasimama hadi unachoka kulitazama. Watafiti huhesabu kwinoa kuwa tamu kama saponini haizidi asilimia 0.11 ya uzito.

Sasa lile jambo linalowaangusha wengi. Kwinoa hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, lakini kiasi cha asilimia 10 hadi 15 huweza kuchavushwa na mmea mwingine, na jeni ya uchungu huifunika ya utamu. Tuseme una tamu, jirani ana chungu, upepo ukaleta chavua. Ukivuna, punje zako zote bado ni tamu. Unafurahi, unahifadhi mbegu. Msimu unaofuata baadhi ya mimea inatoa punje chungu, na lawama zinamwendea aliyekuuzia mbegu. Sababu ni kwamba ganda, ambamo saponini hukaa, ni mwili wa mama. Punje inavaa nguo ya mama yake. Damu ya baba inaonekana pale punje hiyo inapokuwa mmea na kuvisha watoto wake. Kwa hiyo pima povu mmea kwa mmea, misimu miwili, kabla hujasema mbegu yako ni safi.

Kuchagua ndani ya mbegu uliyonayo, au kuchanganya?

Kuchagua kunafaa mwenye subira na nafasi kidogo. Funga utepe kwenye mimea 30 iliyobaki na majani mabichi baada ya mvua kubwa, vuna kila suke peke yake, panda kila moja mstari wake. Hii inakwenda vizuri kwa ukubwa wa punje. Kwa mavuno ni ngumu zaidi: jaribio la mtafiti Bertero na wenzake lililochapishwa 2004, lenye aina 24 kwenye vituo 14, lilionyesha kwamba katika mavuno, jinsi aina zilivyobadilika kutoka kituo hadi kituo kulikuwa na uzito kama mara 4 ya tofauti za aina zenyewe, wakati katika ukubwa wa punje vitu hivyo viwili vililingana. Yaani mshindi wa Tabora mjini anaweza kuwa wa mkiani Kakonko.

Kuchanganya kunafaa unapotaka tabia mbili zisizo kwenye mmea mmoja, mfano majani ya mabondeni na siku za pwani. Maua ni madogo kama vichwa vya pini, kuyatoa chavua kwa mkono kunaumiza macho, na huwezi kuwa na uhakika kwamba uchavushaji umeshika. Hapa ndipo rangi niliyoitupa inarudi. Chukua mama wa kijani, baba mwekundu. Wekundu hutawala. Mbegu za mama zikiota, inama uangalie vishina vikiwa na urefu wa kidole: vya kijani ni vya kujichavusha, ng'oa uzile mboga. Vyenye wekundu ni chotara wa kweli. Kizazi kinachofuata ndicho kinachotawanyika, na kama ulikuwa unatafuta utamu, tarajia mmea mmoja tamu kati ya minne.

Basi, kwa hali yako

Uko Kasulu, Buhigwe au Kibondo, na unalima kwa mvua: anza na kundi la mabonde, lenye saponini kidogo kama maji ya kuoshea ni shida, na weka mistari michache ya pwani uliyoichelewesha hadi Februari.

Uko Urambo, Kaliua, Sikonge au Uyui kwenye kichanga: pwani, mwishoni mwa Januari. Epuka mbuga yenye maji hata kama udongo wake mweusi unatamanisha.

Nzega na Igunga, penye ndege wengi: chungu, ya pwani au ya Titicaca. Ukitaka tamu, kubalianeni watu kadhaa mpande siku moja ili hasara igawane.

Ukanda wa ziwa, Ujiji hadi Uvinza: joto halijafika pale linapoharibu chavua, kiasi cha nyuzi 35, lakini usiku ni wa moto na mmea hukimbilia kukomaa. Pwani, kijaruba kidogo, bila matumaini makubwa mwaka wa kwanza.

Una bustani ya kumwagilia kiangazi: kundi la uwanda wa Titicaca ndilo lako, hasa kama una mteja wa rangi.

Unataka kuzalisha mbegu yako: mabonde kwa mama, pwani kwa baba mwekundu, na Uyuni iingie baadaye ukishapata mmea unaovumilia mvua na unatafuta kuikuza punje.

Kwa wote: usipande kwinoa ya pakiti ya kula. Nilijaribu, kutoka duka kubwa la Dar. Nyingi huwa zimesuguliwa ganda kiwandani, na katika kopo zima niliota mimea sita. Kabla ya kuagiza mbegu nje, omba kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, na uulize TOSCI, taasisi ya kuthibitisha mbegu, kuhusu masharti ya mbegu. Ukiwa Tabora, pita TARI Tumbi, kituo cha utafiti wa kilimo, uwaeleze unachokusudia.

Mwaka wa kwanza panda kila aina mistari minne tu, tarehe mbili zilizoachana wiki tatu, andika kwenye daftari siku ya kuota, ya ua la kwanza, na ya jani la kwanza lenye ukungu. Masuke kumi bora yafunike kwa bahasha za kaki punje zikianza kugumu, ndege wasiyawahi. Mimi nilichelewa siku mbili, na bahasha za mwaka ule bado ninazo, tupu.